Kuflashi injini wakati wa kumwaga oili: lini inafaa, inafanywaje, na lini uiache kabisa

Kabla hujanunua oili ya kuflashi, yaani ya kusafisha injini kwa ndani, fungua kifuniko cha kujazia oili. Injini iwe imezimwa na imepoa kidogo. Kigeuze kifuniko uangalie tumbo lake, kisha washa tochi ya simu umulike ndani ya tundu, kwenye vyuma vya kamshafti (shafti inayofungua valvu). Dakika hizo mbili ndizo zinazoamua kama kazi hii ifanyike au la. Hatua nyingine zote zilizobaki ni za mikono tu.

Ukiona vyuma vina rangi ya chai ya rangi iliyokolea lakini hakuna kitu kilichoganda juu yake, injini haina shida kubwa. Ule ni utando tu ulioungua. Ukipitisha kidole kikatoka na tope jeusi laini, mfano wa grisi iliyoyeyuka, hapo oili ya kuflashi ina kazi ya kufanya. Sasa chukua bisibisi ndogo bapa, ukwangue taratibu chini ya kifuniko chenyewe (siyo ndani ya injini). Kikibanduka kitu kigumu, kwa vipande, kama ukoko wa sufuria ya wali, weka bisibisi chini. Injini hiyo usiiflashi. Nitaeleza kwa nini, maana somo hilo nililipia mimi mwenyewe.

Kuna hali ya nne: utelezi wa rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji yamechanganyika na oili. Kwa gari linalokwenda safari fupi fupi na injini haipati moto wa kutosha, tabaka jembamba chini ya kifuniko ni unyevu tu. Lakini kama na kijiti cha kupimia oili kinatoka na maziwa hayo, na maji ya rejeta yanapungua, tatizo ni gasketi ya silinda hedi au kitu kikubwa zaidi. Tengeneza kwanza. Kuflashi baada ya matengenezo hayo ni sawa kabisa, tena ndiyo moja ya sababu nzuri za kuflashi, kwa sababu mabaki ya maji na oili hayatoki yote kwa kumwaga mara moja.

Kitu kimoja usikitumie kama kipimo ni weusi wa oili peke yake. Wateja wengi huchomoa kijiti, wakaona oili nyeusi, wakaambiwa "injini yako chafu, tuiflashi". Oili ina sabuni ndani yake, na kazi ya sabuni hiyo ni kushika masizi yasigande kwenye vyuma. Oili iliyogeuka nyeusi baada ya kilomita 3,000 inafanya kazi yake. Kwenye injini ya dizeli oili mpya huwa nyeusi siku hiyo hiyo unayoimimina, na hakuna ubaya wowote. Mwenye kutia wasiwasi ni yule ambaye oili yake imekuwa nzito kama uji, au yule asiyejua mara ya mwisho ilimwagwa lini.

Noah iliyonifundisha

Miaka kadhaa nyuma mzee mmoja alileta Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S-FE chini ya viti vya mbele. Aliinunua kwa mtu. Alisema, "Fundi, nataka uisafishe injini yote, nimeambiwa kuna dawa." Nilifungua kifuniko, nikaona ukoko. Nilijua, lakini nilimsikiliza mteja. Nikaweka dawa, nikaiacha ingurume dakika kumi na tano, nikamwaga. Ilitoka oili nyeusi kama lami, na mzee akafurahi sana, akaipiga picha.

Siku ya tatu akanipigia: taa ya oili inawaka akisimama kwenye foleni, akiondoka inazima. Nilimwambia azime gari palepale, asilisogeze. Tulilivuta. Tulipofungua sampo (beseni la oili chini ya injini), chujio la pampu ya oili, kile kikombe chenye wavu kinachonyonya oili kutoka chini, lilikuwa limefunikwa. Halikuwa tope laini. Vilikuwa vipande vya ukoko, vingine vipana kama ukucha wa kidole gumba, vimelala juu ya wavu kama majani juu ya mdomo wa mtaro wakati wa mvua. Pampu ilikuwa inavuta, oili haipiti. Tuliwahi, beringi za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hazikuwa zimekwaruzika. Angeendesha siku mbili zaidi, injini ingenoki. Kufungua na kusafisha sampo nilifanya kwa gharama yangu, na mzee hakuniambia neno baya, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Kilichotokea ni rahisi kuelewa. Ukoko ule ulikuwa umekaa kwenye kuta za injini kwa miaka bila kumdhuru mtu. Dawa haikuuyeyusha, iliulegeza. Ukilegeza kitu kigumu kinashuka kikiwa kipande kizima, na njia yake ya kwanza ni sampo, ya pili ni chujio. Injini ya namna hiyo ina njia mbili tu za kusafishwa: kufungua sampo na kifuniko cha valvu ukatoa uchafu kwa mkono, au kuisafisha polepole kwa oili nzuri inayomwagwa mapema, kila baada ya kilomita 1,500 hadi 2,000, mara tatu au nne mfululizo. Njia ya pili haina mbwembwe, lakini haijawahi kunirudishia gari kwa kamba.

Na usidhani tope ni la magari yaliyotupwa tu. Mwaka 2002 Toyota ilitangaza huko Marekani mpango maalumu wa kuwahudumia wenye injini zilizojaa tope: 1MZ-FE ya V6 lita 3 na 5S-FE ya silinda nne lita 2.2, kwa magari ya kuanzia 1997 hadi 2002. Hiyo 1MZ-FE ndiyo iliyomo kwenye Harrier za kwanza za lita 3 zinazotembea hapa kwetu. Ukiwa nayo, kile kipimo cha tochi na bisibisi kifanye mara mbili.

Aina mbili, usizichanganye

Madukani utakuta vitu viwili vinavyouzwa kwa jina moja. Cha kwanza ni dawa ya kopo dogo, mililita 300 hadi 500 hivi. Hii inamiminwa ndani ya oili ya zamani kabla ya kuimwaga. Cha pili ni oili ya kuflashi yenyewe, inakuja kwenye dumu la lita 3 au 4. Hii inajazwa baada ya oili ya zamani kutoka yote. Ni oili nyepesi sana yenye sabuni nyingi, na haina viungo vya kutosha vya kulinda vyuma visisagane. Ndiyo maana hairuhusiwi kuendeshea gari, hata kulitoa tu getini.

Mimi napendelea ya dumu. Dawa ya kopo inafanya kazi ndani ya oili iliyokwisha kuchoka na kujaa uchafu. Ni kama kufulia shati jeupe kwenye maji uliyofulia ovaroli. Lakini kama fedha ni ya kopo dogo tu, si dhambi, hatua zake nitazitaja.

Dizeli na mafuta ya taa? Najua. Kila gereji ina fundi atakayekuambia amekuwa akimimina lita moja ya dizeli tangu enzi za Peugeot 504 na hakuna injini iliyokufa mikononi mwake. Huenda ni kweli. Lakini krenki haigusani na beringi zake, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na unene wa utando huo unategemea uzito wa oili. Mafuta ya taa hayana uzito huo. Injini ikinguruma nayo, chuma kinagusana na chuma, na madhara yake huyaoni siku ile bali baada ya miezi, wakati umeshasahau ulichofanya. Isitoshe mvuke wake unashika moto. Achana nayo.

Vifaa

Hapa natumia mfano wa injini ya 1NZ-FE, ile ya sisi (cc) 1,500 iliyomo kwenye IST, Probox, Raum na Premio ndogo, kwa sababu ukisimama barabarani dakika tano zitapita kumi. Inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta. Gari lako likiwa jingine, angalia kitabu chake.

Utahitaji dumu moja la oili ya kuflashi la lita 4, oili mpya ya lita 4, filta mbili, washa mpya (pete ya kuzuia uvujaji) ya nati ya kumwagia iliyo chini ya sampo, spana ya ringi namba 14, kifungulio cha filta, beseni, jeki na stendi mbili, matambara na glavu. Filta mbili si kosa la uandishi. Ya kwanza iwe ya bei rahisi, inakaa wakati wa kuflashi tu. Ya pili ndiyo nzuri. Wapo wanaoacha filta ya zamani wakati wa kuflashi ili kubana matumizi. Tatizo ni kwamba filta iliyoziba ina valvu ndogo inayofunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, na hapo uchafu wote unaoulegeza unazunguka mpaka kwenye kamshafti.

Kazi yenyewe

Anza kwa kuipasha injini moto, dakika saba hadi kumi. Oili ya moto hutoka na uchafu, ya baridi huuacha chini. Fanya kazi hii uwanjani au gereji iliyo wazi, si ndani ya chumba kilichofungwa, maana injini itanguruma muda mrefu na moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya. Weka gari sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka matofali nyuma ya magurudumu, nyanyua kwa jeki kisha kalisha kwenye stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde moja.

Kama unatumia dawa ya kopo, imimine sasa kwenye oili ya zamani, washa injini kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, kisha umwage na uruke mpaka kwenye hatua ya filta nzuri.

Kwa oili ya dumu, fungua nati ya sampo. Mzunguko wa mwisho ufanye kwa vidole ukiisukuma nati juu, halafu uivute upesi pembeni, la sivyo oili ya moto itashuka mpaka kwenye kiwiko. Acha ichuruzike mpaka iwe tone moja moja, robo saa hivi. Wakati unasubiri, ingiza kidole kwenye oili iliyomwagika ukisugue na kidole gumba. Ukihisi changarawe, au ukiona chembe zinazometa kama rangi ya gari la kisasa juani, ni chuma. Hapo habari ya kuflashi imeisha, ni habari ya kufungua injini.

Funga nati kwa washa ya zamani, bado utaifungua tena. Toa filta ya zamani, funga ile ya bei rahisi. Mimina oili ya kuflashi, ukipime kijiti mpaka usawa ukae kati ya alama mbili. Kwa 1NZ dumu la lita 4 linatosha na kinabaki kidogo.

Shusha gari, mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine awe mbele. Washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini, usisubiri "labda itazima". Ikizima, acha injini ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, kile tunachoita sailensi. Eyasi (kiyoyozi) izimwe. Hakuna kupiga resi, na hili ndilo kosa linalofanywa zaidi: fundi anasikia injini imetulia, anakanyaga "ili uchafu utoke vizuri". Oili nyepesi namna ile haiwezi kubeba mzigo wa mizunguko 4,000. Muda unaandikwa kwenye dumu, mara nyingi ni dakika 10 hadi 15. Tumia saa ya simu. Dakika tano za ziada hazisafishi zaidi.

Sikiliza muda wote. Tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu) zikianza kulia kidogo kwa mbali si ajabu, oili ni nyepesi. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, au taa ya oili kupepesa, zima mara moja na mwaga.

Mkizima, nyanyua tena, fungua nati, na safari hii kuwa mvumilivu. Acha ichuruzike nusu saa. Fungua na filta, itoe ikiwa imejaa. Hapa kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi. Injini ya 1NZ ikiwa kavu kabisa inachukua lita 4.1. Ukimwaga oili na kubadili filta unarudishia 3.7. Maana yake kuna karibu lita 0.4 ambazo hazitoki kwa nati, zimebaki kwenye njia za ndani, na sasa hizo ni oili ya kuflashi. Oili yako mpya ya bei itachanganyika nayo, karibu sehemu moja kwa kumi. Haitaua injini, lakini ndiyo sababu oili hii ya kwanza isikae kilomita 5,000. Itakaa 1,000 hadi 1,500 tu. Basi usinunue ya bei kubwa sana kwa raundi hii. Nunua ya kawaida yenye uzito unaotakiwa, ile nzuri iweke kwa raundi inayofuata.

Kabla ya kuendelea, ikate ile filta ya bei rahisi. Usitumie msumeno wa chuma kwa sababu vumbi lake litaingia kwenye karatasi na utadhani ni la injini. Ninatumia patasi na nyundo kando ya mdomo, kisha mkasi wa bati. Toa karatasi, ikunjue juani. Masizi meusi ni kawaida. Vipande vigumu vyeusi vinakuambia kuna ukoko ulioachia, kwa hiyo siku za mwanzo ukae macho na taa ya oili. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba au fedha ni beringi.

Filta nzuri sasa. Kwanza pitisha kidole mahali inapokaa uhakikishe mpira wa filta ya zamani haujabaki umeng'ang'ania pale. Mipira miwili ikikaa pamoja, oili yote itamwagika njiani, na huwa inamwagika ukiwa mbali na nyumbani. Paka mpira mpya oili kidogo, zungusha kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Nati funga na washa mpya. Mwenye toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) afunge kati ya Nm 35 na 40. Asiye nayo akaze kwa mkono mmoja ulioshika spana fupi, bila bomba la kurefushia. Sampo ya aluminiamu ikiliwa uzi, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki.

Mimina oili mpya. Kwa 1NZ na ndugu zake 5W-30 inafaa, hata kwa joto la Dar es Salaam. Ile imani kwamba Afrika ni lazima uweke 20W-50 imechosha pampu nyingi za oili. Kwenye dumu tafuta maandishi API SN au SP, alama za kiwango cha ubora wa oili. SP ilianza kutumika 2020 na ndiyo ya karibuni zaidi kati ya hizo mbili. Washa, subiri taa izime, acha dakika mbili, angalia chini kama kuna mchirizi kwenye nati na filta. Zima, shusha gari, subiri dakika tano, pima kijiti, ongeza panapopungua.

Magari ya kuogopa

Injini za dizeli zenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), kama za Hiace na Prado, nazifanyia kwa shingo upande. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikipewa mzigo, na bomba linaloipelekea oili ni jembamba kuliko kalamu. Kipande kimoja cha uchafu kinatosha. Kwa hizo nachagua njia ya polepole, ya kumwaga oili mapema mara kadhaa.

Injini iliyokwisha kula oili na kutoa moshi wa bluu, nayo usitarajie miujiza. Mara chache ringi za pistoni zilizoganda kwa masizi huachia na ulaji ukapungua. Mara nyingi sili zilizokuwa zikizibwa na tope lenyewe zinaanza kuvuja, na mteja anasema umemharibia gari. Mwambie kabla, si baada.

Na kama oili yako inamwagwa kila kilomita 5,000 bila kukosa, huhitaji kuflashi. Gereji inayokuuzia flashi kila sevisi inafanya biashara. Nafanya mara moja gari la mtumba linapoingia mikononi mwa mtu asiyejua historia yake, au baada ya gasketi, au mtu alipojaza kimiminika kisicho chake. Baada ya hapo oili nzuri inajisafishia.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Mafundi seremala na wajenzi wanaitaka sana, wanapaka nguzo na mbao zisiliwe na mchwa. Lakini ukiwapa, waambie hii imechanganyika na ya kuflashi, ni nyepesi na inashika moto upesi kuliko waliyoizoea, wasiiweke karibu na jiko.

Asubuhi ya kesho yake, kabla ya kuwasha, chomoa kijiti upime tena, gari likiwa limelala tambarare usiku kucha. Kisha bandika plasta nyeupe kwenye kifuniko cha injini, andika kwa maka kilomita za leo na za kumwagia, yaani hizo hizo ukiongeza 1,000. Siku hiyo ikifika, mwaga, kata filta, ulinganishe karatasi yake na ile ya kwanza uliyoikunjua juani. Usiitupe ile ya kwanza mpaka siku hiyo.